Saratani ya ovari: bima ya umma ilipie dawa za kinga au isilipie?

Kipanga: Wakuu, hizi dawa za kuifungua kinga ya mwili, zile zilizotokana na kazi ya watafiti Allison na Honjo wa Nobel ya 2018, zimefanya makubwa kwenye melanoma, saratani ya ngozi. Kwenye ovari, zikitumika peke yake, uvimbe husinyaa kwa mgonjwa asiyefika hata 1 kati ya 10. Bima ya umma ilipe? Mimi nakataa. Na tuseme ukweli, wanawake wenyewe wanachelewa hospitali, hapo dawa gani itafua dafu?

Mwanaisha_M: Kaka, hebu rudia hapo mwisho. Dada yangu alikwenda mapema, tumbo limejaa, akila vijiko viwili kashiba. Akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Karudi, kapewa zilezile. Nani kachelewa?

Kipanga: Pole dada, sijasema wote. Ila wengi si wanagundulika hatua ya 3 na ya 4? Hilo nalo nimelitunga?

Bundi Mkesha: Hujalitunga, ila sababu umeibambikia. Nyingi ya zile kali huanzia ncha ya mirija ya uzazi, seli zinadondokea tumboni bila kuuma. Uchelewe wapi na hujasikia kitu?
Halafu, kinga inaiona sana saratani hii. Mwaka 2003 watafiti wa Pennsylvania walitafuta seli T, askari wa kinga, ndani ya uvimbe: wenye nazo, asilimia 38 walikuwa hai baada ya miaka 5. Wasio nazo, 4.5.

Chagamoto: Si ndiyo nasema kila siku! Pandisha kinga kwa lishe, mchezo umekwisha.

Bundi Mkesha: Upandishe ipi? Makrofaji, seli zinazomeza vijidudu, ni kinga pia, na kwenye yale maji yanayojaa tumboni wengi wao wameshahamia upande wa pili, wanaitunza saratani. Kuna na seli T za kudhibiti, kazi yake kuwatuliza wenzake wasishambulie. Ukipandisha kila kitu, na hao umewapandisha.

Chagamoto: Mkuu, povu la nini? Mtu akila vizuri anakosea?

Mwanaisha_M: Ale. Asimuuzie mgonjwa chupa za "kinga" tu.

Chagamoto: Nani kauza chupa hapa? Nitajie.

Mwanaisha_M: Umejishtukia mwenyewe, mimi sijataja mtu.

Sauti ya Tano: Tuache chupa. Wanawake wote wapimwe CA-125, ile alama ya saratani kwenye damu, kila mwaka, hela za dawa ziende huko. Uingereza walishafanya.

Bundi Mkesha: Walifanya, wanawake zaidi ya laki mbili. Majibu ya 2021: vifo havikupungua. CA-125 inapanda hata kwa fibroidi, hata kwa hedhi. Na ujue inatoka kwenye MUC16, protini ndefu ambayo seli ya saratani hujivika, seli za NK, askari wengine wa kinga, zinashindwa kuisogelea. Tunachopima ni ngao ya adui.

Sauti ya Tano: Kwa hiyo tusipime?

Mwanaisha_M: Mwenye dalili apimwe, asipewe dawa za vidonda! Kuna kigumu gani hapo?

Kipanga: Mada yangu ilikuwa dawa jamani.

Bundi Mkesha: Dawa yenyewe, hesabu yako ni ya zamani. 2025 pembrolizumab, mojawapo ya hizo dawa za kinga, ilichanganywa na kemo ya paclitaxel ya kila wiki kwa wagonjwa ambao kemo ya platini imegoma. Wenye PD-L1 kwenye uvimbe, protini inayozituliza seli T, waliishi miezi kama 18, wenzao wa kemo bila hiyo dawa 14.

Kipanga: Miezi minne! Kwa bei ile?

Mwanaisha_M: Ingekuwa ya mama yako ungeiita mingapi?

Kipanga: Usimwingize mama yangu. Basi, walipiwe wenye PD-L1 tu, nimeshuka hadi hapo.

Sauti ya Tano: Na hicho kipimo cha PD-L1 kinalipwa na nani?