Kiharusi, na saa moja yetu isiyo saa moja yao

Ndugu zangu,

Wengi mmeuliza mbona kimya. Mwezi wa pili nilipata kiharusi, hapa nyumbani Leicester, Uingereza. Kikombe cha chai kiliniponyoka mkononi. Nikataka kumwambia mama watoto alete kitambaa, mdomo ukatoa mvumo tu. Miaka 31 nimesoma taarifa ya habari redioni, leo neno "kitambaa" limenishinda.

Alipiga 999, namba ya dharura ya huku, papo hapo. Wa ambulensi wakamwuliza: mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi? Ilikuwa saa moja asubuhi. Kwa ule wahka akaitafsiri hivyo hivyo, moja. Kwao hiyo ni saa saba ya usiku! Na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kwa hesabu ile nilikuwa nimeshachelewa. Nasikia kila neno, siwezi kusahihisha. Mkono wa kulia umekufa, nikanyanyua wa kushoto: vidole vitano, kisha viwili, yaani saba ya asubuhi kwa saa yao. Binti yetu ndiye aliyeelewa.

Nawaomba sana, semeni na wazee mnaoishi nao. Wakiulizwa saa, waonyeshe ile iliyoandikwa kwenye simu.

Vidonge vya presha nilikuwa navyo kabatini. Niliviacha karibu mwaka kwa sababu kichwa hakikuniuma, na hilo linanichoma hadi leo. Gari nilikatazwa kuendesha mwezi mzima, ndiyo sheria ya huku baada ya kiharusi. Kila asubuhi nasoma gazeti kwa sauti, ukurasa mmoja. Maneno yenye "r" na "l" pamoja bado yananigonga. Barua hii imenichukua siku tatu.

*

Shikamoo mzee, pole sana. Mimi ni muuguzi. Kwa walio England: ukitimiza miaka 40, maduka mengi ya dawa yanapima presha bure. Hospitalini ombeni mkalimani, msiwaachie watoto. Na mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au usemi ukivurugika, piga 999 hata kama dalili zimekwisha zenyewe baada ya dakika chache. Msimlaze mtu "apumzike kwanza".

*

Marahaba mwanangu, asante. Jana nilipima dukani hapo mtaani: 128 kwa 79. Mama watoto ameiandika kwenye kalenda ya jikoni, na saa ameiandika kwa tarakimu: 10:20.