Kikundi cha Ukoo: Mguu wa Mjomba Hamisi

Jumamosi

Mama Mkubwa Mwanaidi, saa 1:40 usiku:
Assalamu alaykum wanangu. Ninawaandikia kwa sababu mdogo wangu Hamisi anaingia wiki ya tatu kitandani hapa Tanga. Alikuwa akishusha mifuko ya saruji kutoka kwenye lori, akasikia kiuno kimekatika, na tangu siku hiyo moto unashuka kutoka takoni, nyuma ya paja, hadi kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Jirani mmoja ametuambia ni baridi yabisi, mwingine amesema amekanyaga kitu kibaya, na kwenye duka la dawa wamekwisha kumchoma sindano nne za diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Ninaomba tuchangishane apigwe kipimo cha MRI, ile picha ya ndani ya mwili.

Salim, saa 1:52 usiku:
Wa alaykum salaam, Mama Mkubwa, na shikamoo. Mimi nitatoa laki moja. Kazini kwetu yuko mwenzetu aliyeteseka hivyo hivyo, akapasuliwa, na sasa anatembea vizuri. Ninashauri tusipoteze muda.

Zuhura, saa 2:05 usiku:
Shikamoo Mama Mkubwa, shikamoo Mjomba. Wagonjwa wa namna hii ninawahudumia karibu kila siku katika kazi yangu ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, kwa hiyo kabla hatujazungumzia fedha, ninaomba Mjomba anijibu maswali matatu, ingawa najua si mambo ambayo mpwa humuuliza mjomba wake. Je, mkojo unatoka kama kawaida, na unausikia unapotoka? Je, sehemu za siri na pale unapokalia baiskeli pamekufa ganzi? Je, mguu wa kulia nao umeanza kulegea?

Mjomba Hamisi, saa 2:20 usiku:
Marahaba mwanangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo sitakuficha. Mkojo ni wa kawaida, huko kwingine hakuna ganzi, na mguu wa kulia ni mzima. Lakini ndala ya kushoto hunivuka nikienda msalani, na mara nyingi sitambui mpaka nikanyage sakafu. Nikikohoa, maumivu yanaruka mguuni kama shoti ya umeme.

Zuhura, saa 2:41 usiku:
Alhamdulillahi kwa hayo matatu. Lolote kati yao lingekuwa limeharibika, ningewaomba mumpeleke hospitali usiku huu huu, kwa sababu fungu la neva, yaani mishipa ya fahamu, lililo mwisho wa uti wa mgongo likibanwa, kuchelewa hata siku mbili kunaweza kumwacha mtu akishindwa kuzuia haja maisha yake yote.

Sasa nieleze huo moto. Neva ya siatiki ndiyo nene kuliko zote mwilini. Pale takoni unene wake unakaribia wa kidole. Imeungwa na mizizi inayotokeza kati ya pingili za chini za mgongo, na baina ya pingili na pingili kuna diski, yaani mto wa gegedu wenye kiini laini kama ute. Ukuta wa diski ukichanika, kiini hutokeza, kikausonga mzizi na kuuvimbisha, na ubongo huyapokea maumivu kana kwamba yanatoka mguuni, ilhali mguu wenyewe hauna jeraha lolote. Ndiyo sababu kuuchua mguu kwa nguvu hakufiki penye tatizo. Mzizi unaopeleka maumivu kwenye kidole gumba ndio pia unaosaidia kuinua wayo, kwa hiyo hiyo ndala inanitia wasiwasi kuliko moto wenyewe.

Mama Mkubwa Mwanaidi, saa 2:50 usiku:
Mbona picha ya X-ray tuliyopiga ilionyesha mifupa ni mizima?

Zuhura, saa 3:08 usiku:
X-ray huonyesha mifupa, Mama Mkubwa. Diski na neva haizionyeshi. MRI huzionyesha, lakini nayo inahitaji daktari anayejua anachokitafuta. Mwaka 1994 kilichapishwa Marekani kipimo cha watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, na zaidi ya nusu yao walikutwa na diski iliyovimba. Tukilipia picha kabla ya uchunguzi, tutatishwa na jambo ambalo huenda halihusiki.

Kuhusu upasuaji, kaka Salim, simpingi mwenzako. Huko Uholanzi, mwaka 2007, wagonjwa 283 wenye maumivu makali waligawanywa: wengine wakapasuliwa mapema, wengine wakasubirishwa kwa matibabu ya kawaida, na baadhi ya waliosubiri wakapasuliwa baadaye. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja watu 95 kati ya 100 katika kila kundi walikuwa wamepona. Diski iliyotokeza mara nyingi husinyaa yenyewe. Upasuaji wa haraka tunauweka kwa yule ambaye nguvu za mguu zinazidi kupotea, na ndiyo maana ninataka Mjomba aonwe na daktari Jumatatu, bila kukosa.

Salim, saa 3:15 usiku:
Nimekuelewa. Basi alale tu mpaka Jumatatu?

Zuhura, saa 3:27 usiku:
Hapana, na hapa ndipo tunapokosea katika nyumba nyingi. Uholanzi hiyo hiyo, mwaka 1999, waliolazwa kitandani wiki mbili walilinganishwa na walioendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza. Baada ya wiki 12 watu 87 kati ya 100 walikuwa na nafuu katika makundi yote mawili. Kitanda hakiponyi, ila kinadhoofisha misuli. Mjomba, tembea ndani ya ua dakika tano, mara kadhaa kwa siku, na ukichoka lala chali ukiwa umeweka mito chini ya magoti. Usiinue ndoo, na usikae muda mrefu kwenye kigoda.

Halafu, Mama Mkubwa, ninakusihi asichomwe sindano nyingine ya dukani. Mjomba anameza dawa za presha, na diklofenaki huweza kuipandisha presha na kuumiza figo na tumbo. Tena sindano ya takoni ikikosea mahali inaweza kuichoma neva hii hii.

Jumatatu

Mama Mkubwa Mwanaidi, saa 9:30 alasiri:
Tumerudi kutoka hospitali. Daktari amemwambia asimame kwa visigino, na cha kushoto kimemshinda. Amesema udhaifu ni mdogo, akatuandikia fiziotherapia, na akatuagiza turudi Alhamisi. Wayo ukizidi kulegea, MRI itapigwa mara moja. Mchango wenu tumeuhifadhi.

Jumapili, wiki mbili baadaye

Mjomba Hamisi, saa 12:15 asubuhi:
Zuhura mwanangu, kidole gumba hakiwaki tena, lakini kiuno kinauma kuliko juzi. Nimeingiwa na hofu.

Zuhura, saa 12:40 asubuhi:
Shikamoo Mjomba. Maumivu yanapouhama mguu na kurudi kiunoni, sisi huhesabu kuwa ni dalili njema, kwa sababu mara nyingi huonyesha kwamba mzizi umeanza kupata nafasi. Niambie habari za ndala.

Mjomba Hamisi, saa 12:52 asubuhi:
Haijanivuka tangu Ijumaa. Nimesimama kwa kisigino cha kushoto, nikashika ukuta, nikahesabu hadi sita.

Zuhura, saa 12:55 asubuhi:
Nimefurahi sana, Mjomba. Kesho hesabu tena saa hii hii, uniandikie umefika ngapi.