Wali wa ukwaju wa Kitamil unanitoka mchungu na mweusi, nisaidieni

BintiMbagala: Wakuu, habari za jioni. Kuna wali wa Wahindi wa Kusini unaopikwa kwa ukwaju, Watamil wanauita puliyodarai. Wiki hii nimeupika mara mbili, zote nimemwaga. Rojo la ukwaju linakuwa jeusi tii na lina uchungu unaobaki nyuma ya ulimi hata ukinywa maji. Nimeweka mafuta ya ufuta, mvuje, haradali, pilipili kavu, karanga, dengu, uwatu na majani ya bizari. Nakosea wapi? Kesho asubuhi nataka nipike tena.

Mla_Pilau: Ukwaju kwenye wali? Sisi tunaujua kwenye juisi na urojo. Dada, pika pilau watu washibe.

MamaLishe_Ubungo: Uchungu huo ni wa uwatu. Uwatu haukaangwi kama karanga. Harufu ikipanda tu na rangi ikawa ya dhahabu, epua umwage kwenye sahani, maana ukibaki kwenye kikaango unaendelea kuungua hata moto umezimwa. Rojo la ukwaju lichemke mpaka mafuta yajitenge yaelee juu. Wali utandaze kwenye sinia, unyunyizie mafuta ya ufuta na manjano, upoe kwanza, ndipo uchanganye kwa mkono mwepesi. Uache saa mbili ukwaju uingie.

FundiBati: Umepikia sufuria gani?

BintiMbagala: Hizi zetu za kawaida, za alumini.

FundiBati: Basi huenda weusi umetoka humo. Asidi ya ukwaju inakula alumini. Tafuta sufuria ya stili au chungu.

Mzamiaji_Bangalore: Umenikumbusha mbali. Nimesoma Bangalore miaka minne, kule Karnataka wanauita puliyogare, ukienda Andhra ni pulihora. Mwenzangu wa chumbani mama yake alikuwa akimfungia kwenye jani la mgomba akisafiri na treni usiku kucha. Asubuhi akilifungua, behewa zima linageuka. Jani limelainika, limeshika rangi ya manjano, na karanga bado ngumu. Nilikuwa sina hela ya chai, tulikula wote kwenye jani lile lile.

Ustaadhi_Kigamboni: Vijana mnahangaika na vyakula vya watu na vya bibi zenu hamvijui.

Dada_Mdadisi: BintiMbagala, mara mbili umemwaga na kesho asubuhi unarudia. Unampikia nani?

BintiMbagala: Ni mtu wa nyumbani tu. Nisaidieni upishi jamani.

Dada_Mdadisi: Nani?

BintiMbagala: Mama yangu. Ni mgonjwa wa figo, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mwaka jana nilimpeleka Chennai, India, tukapanga chumba kwa mama mmoja wa Kitamil. Sasa mama hali kitu. Uji anausukuma, samaki anageuza uso. Kitu pekee anachotaja ni wali ule. Ukwaju nusu kilo nimeshauloweka, msiniambie niache.

Nesi_Mstaafu: Mwanangu, hili ndilo ulipaswa kuanza nalo. Ukwaju una potasiamu nyingi, karanga na dengu vilevile. Figo zisipoitoa inajaa kwenye damu, na moyo unaweza kusimama ghafla.

BintiMbagala: Lakini Chennai aliula na hakudhurika!

Nesi_Mstaafu: Wakati ule alikuwa ameshaanza kusafishwa? Na sasa anapata mkojo kiasi gani?

BintiMbagala: Alikuwa bado hajaanza. Sasa hivi ni kidogo sana, siku nyingine hakuna.

Hakimu_wa_Uzi: Mimi nimeshituka. Jana wali, leo mama, sasa figo. Keshokutwa mtatumiwa namba ya kuchangia. Halafu Mhindi gani anapika bila kitunguu hata kimoja? Orodha yako haina kitunguu wala saumu. Hadithi hii imetungwa.

BintiMbagala: Sijaomba senti ya mtu. Yule mama alitupikia siku za Jumamosi, mwezi wao wa Purattasi, Septemba kuingia Oktoba. Jumamosi hizo ni za Perumal, ndiye Vishnu, na chakula kinachotolewa kwake hakiwekwi kitunguu wala saumu. Alileta kwenye bakuli la stili lililofunikwa na sahani, akasimama mlangoni mpaka mama ameonja. Mtandio wa mama bado una doa la manjano la siku ile, nimeufua halitoki.

Mzamiaji_Bangalore: Hakimu, hapo dada yuko sahihi. Wali huu ni wa hekaluni, kitunguu hakiingii.

Hakimu_wa_Uzi: Nimekuelewa. Samahani, dada. Mungu amponye mama.

Nesi_Mstaafu: Turudi kwa mgonjwa. Hao hao Watamil wana wali wa ndimu. Kijiko kimoja cha maji ya ndimu kwenye sahani moja hakina potasiamu ya kutisha. Haradali, mvuje, manjano kidogo, pilipili, majani ya bizari, basi. Karanga na dengu acha, chumvi punguza sana. Na usipike kabla hujampigia mtaalamu wa lishe wa kliniki yenu ukamuuliza kipimo chake cha mwisho cha potasiamu.

MamaLishe_Ubungo: Ndimu ukamulie baada ya kuepua. Ikichemka inakuwa chungu.

BintiMbagala: Sawa. Ila nausikitikia ukwaju wangu.

MamaLishe_Ubungo: Tengeneza juisi, wauzie majirani.

BintiMbagala: Wakuu, narudi. Kliniki wamenijibu: wa ndimu sawa, sahani ndogo, wa ukwaju hapana. Mvuje ulipogusa mafuta, mama akaita kutoka chumbani, "Nani ana mtoto mchanga humu ndani?" Nikampelekea. Akaniambia huu siyo ule. Kala vijiko vinne.