Tuliosoma Dodoma na mnaosoma sasa: mlikula wapi, mlikunywa nini? Tupeane uzoefu

Kimbweta_cha_Mwisho
Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu kapangiwa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, juzi kanipigia analalamika: chuo kiko porini, upepo unampeperusha, kafe kakuta chakula kimeisha, ale wapi? Nikaanza kumtajia vibanda ambavyo hata sijui kama bado vipo. Ng'ong'ona niliyoiacha mimi ilikuwa kijiji, mahindi yamefika mpaka dirishani kwa watu. Sasa naambiwa hosteli kila kona. Hebu tiririkeni, wa zamani na wa sasa. St. John's, CBE, Mipango, wote mnakaribishwa, njaa haina chuo.

Siti_ya_Mbele
Nimekaa. Karanga ninazo.

Mzee_wa_Chimwaga
Sisi wa 2007, kundi la kwanza kabisa, tukisikia nyie mnalia njaa tunacheka. Chuo kilikuwa ukumbi wa Chimwaga, mabweni machache na vumbi. Hosteli za kitaa hakuna, chipsi hakuna. Kuna mama alikuwa anatoka kijijini na ndoo mbili, moja wali, moja maharage, anakaa chini ya mti. Ukichelewa kipindi cha mchana unamkuta anakung'uta ndoo, na hapo ujue msosi mwingine ni mjini, kilomita kama nane, kwa daladala iendayo stendi ya Jamatini. Nauli ya kwenda na kurudi ndiyo hiyohiyo hela ya kula. Unafanya hesabu, unalala.

Msukuma_Original
Nakazia. Hapo kwenye "unafanya hesabu, unalala" umenikumbusha mbali.

PasiNdefu
Aisee mmenitonesha. Mimi ni wa enzi za bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, la 7,500 kwa siku. Kwenye makaratasi tajiri, mfukoni deshi. Hela ikiingia, wiki ya kwanza ni kuku na soda mjini. Wiki ya pili kiepe yai. Wiki ya tatu unaanza kupiga pasi ndefu: chai ya saa nne na andazi, halafu mpira unaupiga juu kwa juu mpaka wali wa saa mbili usiku.

Sasa kuna mwaka bumu lilichelewa, tuko kwenye mitihani. Rumeti wangu, kijana wa Kondoa, alikuwa na mahindi na maharage aliyotumiwa na bibi yake kwenye mfuko wa salfeti. Akasema tunapika makande kwa koili, ile ya umeme ya kuchemshia maji, humuhumu chumbani. Mnajua kupika kwenye chumba ni marufuku, lakini kwa njaa ile hata kanuni zenyewe tungezichemsha.

Tatizo likawa maji. Maji ya Dodoma yana chumvi, mnayajua, ukiosha gari linabaki na madoa meupe. Maharage tumeyawasha saa kumi jioni, saa moja usiku unayabonyeza yanaruka kama gololi. Saa mbili hivyohivyo. Jamaa akasema koili moja haitoshi, akaenda kuazima ya jirani. Zikatumbukizwa mbili kwenye ndoo moja ya bati. Dakika chache tu, PAA! Giza bloku nzima. Watu kesho wana pepa! Nje huko makelele, matusi ya kila kabila, wengine wanagonga milango, "nani anapika, nani anapika?"

Tungepona, maana kila mtu alikuwa gizani. Kilichotuuza ni harufu. Jamaa alikuwa ameshatupia dagaa juu ya yale makande ili "yapate ladha". Mlezi wa bweni akapanda ngazi na tochi, hata hakuuliza, alifuata pua. Tukasukuma ndoo chini ya kitanda, ya moto hivyohivyo, jamaa akaungua vidole lakini hakutoa sauti. Mlezi akasimama mlangoni, akamulika koili mbili zinaning'inia bado zinatoa moshi, akasema, "Basi nileteeni na mimi sahani."

Alikula! Naapa. Akaondoka na koili zote mbili. Sisi tukamalizia mabichi yale gizani. Asubuhi kwenye chumba cha mtihani tumbo langu lilikuwa linajibu maswali kwa sauti.

Siti_ya_Mbele
"Linajibu maswali kwa sauti" 😂😂😂 nimemwaga karanga.

Mama_Jikoni_Ipagala
Mwanangu, maharage ya maji ya chumvi unaloweka tangu jana yake, asubuhi unamwaga yale maji, ndipo unabandika. Na chumvi unaweka yakishaiva. Mlikuwa mnapika au mnajenga?

Dokta_Mtarajiwa
Weka magadi kidogo tu, yanalainika.

Mama_Jikoni_Ipagala
Magadi yakizidi maharage yanakuwa na ladha ya sabuni, na vitamini mnaziua. Wewe dokta wa nini?

Dokta_Mtarajiwa
Wa kutarajia mama 😅

Shemeji_wa_Kyela
Mimi wali wa Dodoma ndio ulinishinda. Unakula unasikia chumvi ambayo mpishi hakuiweka. Chai ndiyo usiseme.

Mbukwenyi
Shemeji usituletee dharau. Mchele unaokula hapo mwingi unatoka Bahi, ni mchele mzuri sana. Wewe ulikula kwa mtu asiyejua kupika ukaja kuhukumu mkoa mzima. Nunua dumu la maji baridi, chemsha chai, urudi hapa utubu.

Shemeji_wa_Kyela
Mchele wa Bahi na wa Kyela unaviweka sahani moja? Haya.

Mbukwenyi
Naviweka. Na pembeni naweka mlenda.

Chasaka_Boy
Mlenda hapana. Siku ya kwanza mama lishe wa Makulu kaniwekea ugali wa uwele, mweusi, na kitu kijani kinavutika. Nimenyanyua tonge, kamba imefika kifuani. Nikamwambia mama naomba maji ya kunawa.

Mbukwenyi
Ndiyo maana mlikuwa mnasinzia darasani. Mlenda wa kukaushwa, uliotwangwa vizuri na kutiwa karanga, ugali wa uwele wa moto, hukumbuki tena nyama. Na hauhitaji kutafuna, kipindi cha saa nane unawahi. Mkishalewa chipsi mnaona kila chakula cha wenyeji ni dawa.

Chasaka_Boy
Sijasema kibaya. Nimesema kamba imefika kifuani.

Binti_wa_Daftari
Nilikuwa nasoma tu kimya ila mmegusa mama lishe. Mama yangu alikuwa anauza chakula jirani na chuo, kibanda cha mabati, mabenchi mawili. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nikitoka shule kazi yangu ni kuosha vyombo na kuandika daftari la madeni. Hakuna aliyeandikwa jina lake. Mama alikuwa anaandikisha alivyowaona: Miwani, Mrefu wa Geita, Paroko, Anayekula Haraka, Dada wa Ukoko. Mwisho wa ukurasa tunaweka mstari, bumu likitoka wanakuja kupanga foleni wenyewe.

Mwishoni mwa Mei 2016 mnakumbuka wale wanafunzi wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati walivyorudishwa nyumbani, zaidi ya elfu saba. Kwetu wateja wengi walikuwa wao. Ilikuwa wikiendi. Mama ameamka usiku kukanda maandazi kama kawaida. Kulipokucha tunaona watu barabarani na mabegi, magodoro kichwani, ndoo zimejazwa vyombo. Wasichana wanalia. Bodaboda zimepandisha bei, daladala zimejaa mpaka mlangoni. Tukadhani kuna moto.

Ndipo wakaanza kuja kibandani. Mimi nikachukua daftari, nikajua tunaenda kulipwa. Walikuwa hawana kitu. Wengine hata nauli ya kufika Mwanza hawakuwa nayo. Paroko akavua saa akaiweka mezani, mama akamrudishia. Mrefu wa Geita akatuachia pasi ya umeme na jiko la mchina, akasema mama hivi havibebeki kwenye basi, utauza. Anayekula Haraka hakuongea chochote, alisimama tu anaangalia masufuria, mama akampakulia wali saa tatu asubuhi, siku hiyo alikula polepole.

Maandazi yote mama aliyafunga kwenye magazeti akawagawia wa safari. Mimi nilikuwa nanuna, nikamuuliza na daftari je? Akaniambia peleka ndani, mafuta yatalichafua.

Kibanda kilikaa kama mwezi tu, tukafunga. Mtaji wote ulikuwa kwenye lile daftari. Mama akahamia kuuza mboga Majengo sokoni.

Msukuma_Original
Dah.

Siti_ya_Mbele
Karanga zimenikwama kooni.

Hesabu_Kali
Samahani kwa wanaolia, lakini hii ni chai, stori ya kutunga. Mfanyabiashara gani anakopesha mpaka mtaji wote? Na wale vijana walikuwa na mkopo wa serikali, hela walikuwa wanapata. Subirini sasa, namba ya mchango inakuja.

Mzee_wa_Chimwaga
Hesabu_Kali hujawahi kuishi pale. Bila kukopesha huuzi. Mwanafunzi ana hela wiki mbili katika miezi miwili, mama lishe atafanyaje wiki zilizobaki? Hela ya mkopo inatoka kwa awamu, inachelewa, na wote wanaishiwa kwa pamoja.

Hesabu_Kali
Bado nasubiri namba.

Binti_wa_Daftari
Namba sitoi. Sijaomba mchango, nimeulizwa watu walikula wapi nikasema walikula kwetu. Kuna waliolipa baadaye. Wengine walipangiwa vyuo vya ualimu mikoani, wakamaliza, wakaajiriwa. Ujumbe unaingia tu kwenye simu ya mama, elfu ishirini, elfu kumi na tano, "Mama mimi Miwani". Miwani alilipa zaidi ya deni. Dada wa Ukoko alikuja mwenyewe sokoni na mtoto mgongoni. Pasi tunaitumia mpaka leo.

PasiNdefu
Uzi nilikuwa nimeuteka mimi na makande yangu, sasa naona nimepinduliwa. Mpe mama shikamoo yangu.

Dokta_Mtarajiwa
Anayekula Haraka alilipa?

Binti_wa_Daftari
Bado. Mama anasema anatafuna.

Mpole_wa_CIVE
Mimi ndiye wa sasa humu, niwajibu mtoa mada na mdogo wake. Bumu sasa ni 10,000 kwa siku, msimbazi mzima, na bado tunapiga pasi ndefu, kwa hiyo msituone tunadeka. Sasa hivi hakuna daftari, kuna Lipa Namba, na mama anakuangalia mpaka ujumbe uingie. Ng'ong'ona kuna kila kitu: wali, ugali, chipsi, kiepe, mishkaki jioni, juisi za miwa. Ushauri wangu: asile chipsi za usiku sana, mafuta yanakuwa yameshakaanga tangu mchana. Asubuhi atafute supu na chapati mbili, anafika nayo mpaka jioni. Na aangalie foleni, penye foleni ya bodaboda pana chakula.

Chasaka_Boy
Penye foleni ya bodaboda pana pilipili, chakula sijui. Mimi nasema ale kafe ya chuo, hata ukiumwa mko wengi.

Mama_Jikoni_Ipagala
Apike. Anunue jiko la gesi dogo apange chumba nje, wachange wawili. Unga, dagaa wa Mwanza, samaki wakavu wa Mtera wanapatikana, mboga Majengo au Sabasaba, mwezi unakwisha hajajua kibanda kina rangi gani.

PasiNdefu
Asiweke koili mbili tu.

Bwana_Zabibu
Mmeongea kula, kunywa hamjagusa. Mgeni yeyote akifika Dodoma anavamia mvinyo kwa sababu ni wa hapa na bei ni rafiki. Ule wa chupa yenye lebo sina neno nao. Ule wa kupimiwa kwenye dumu kwa mtu usiyemjua, kaa nao mbali, kesho yake jua la Dodoma litakusomea mashtaka. Msimu wa zabibu nunua zabibu zenyewe barabarani, kula uoshe roho. Muuzaji akikuambia onja, onja za katikati ya ndoo, za juu zimepangwa. Na wazee wakikukaribisha chimpumu, pombe ya kienyeji, huko kijijini, kaa chini kwanza ndipo unywe. Inapanda ukiwa umesimama.

Shemeji_wa_Kyela
Na kitimoto je?

Mbukwenyi
Shemeji, humu tumechanganyika, kuna watu wamefunga Alhamisi. Kila mtu na sahani yake.

Shemeji_wa_Kyela
Nimeuliza tu sehemu, sijamlisha mtu!

Mzee_wa_Chimwaga
Mwambieni kijana Jumamosi moja aende mnada wa Msalato, atoke kwenye vyakula vya mafuta. Nyama unaichagua ikiwa inaning'inia, mbavu au mguu, inapimwa mbele yako, unaifuata mpaka jikoni na unakaa nayo hapohapo mpaka iive. Ukienda kupiga stori ukirudi kilo imekonda. Kachumbari, pilipili, ndizi za kuchoma, chumvi kwenye karatasi. Waende watano wachange, mmoja asiyekunywa ashike hela.

Hesabu_Kali
Hilo la kukaa na nyama ni kweli tupu. Waliniibia mnofu nikabaki na mfupa.

Msukuma_Original
Kumbe hata wewe unaibiwa, na hesabu zote hizo?

Kimbweta_cha_Mwisho
Nimemsomea mdogo wangu uzi wote kwenye simu. Swali lake moja tu: huyo mlezi wa bweni wa kula makande bado yupo? Maana dogo ana koili.

Mpole_wa_CIVE
Mwambie aiuze anunue mlenda. Jumamosi Msalato nani na nani? Nauli najilipia, nyama anunue Hesabu_Kali.

Hesabu_Kali
Leteni namba zenu za mchango kwanza.