Naomba ushauri: lugha ya bibi inanitoka nikiwa chuo kikuu

Ndugu zangu, heshima kwenu. Niko mwaka wa tatu chuo kikuu, natoka katika jamii ndogo ya watu wa asili, na alama zangu ni nzuri; lakini juzi bibi aliponipigia simu nilikwama katikati ya sentensi, nikamalizia kwa lugha ya darasani, naye akanyamaza. Ukimya ule umeniumiza kuliko mtihani wowote. Tamko la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili, kifungu cha 14, linatambua haki yetu ya elimu kwa lugha zetu, ila darasani niko peke yangu. Natamani kuandika tasnifu kuhusu maarifa ya wazee wetu, ingawa msimamizi anasema marejeo yaliyoandikwa hayatoshi. Mliopitia hali hii, mlimshawishije msimamizi, na lugha mliitunzaje bila kudorora kimasomo?