Naomba ushauri: programu gani inafaa kuhariri video ya familia kwa anayeanza, kompyuta ya RAM GB 4?

Mtoto wa Pangani:
Wakuu, poleni na majukumu. Ninaomba ushauri kuhusu programu ya kuhariri video kwa mtu ambaye hajawahi kukata hata klipu moja. Nina video ya saa 3 ya harusi ya dada yangu, iliyorekodiwa kwa simu katika ubora wa 4K, na ndani yake mna nasaha alizozitoa baba yetu kabla ya bibi harusi kutoka nyumbani. Baba alitangulia mbele ya haki mwezi uliopita, na ndugu wanataka kuzisikia nasaha hizo tutakapokutana kwa arobaini yake, ambayo imebaki wiki 2. Kompyuta yangu mpakato ni ya zamani. Je, nitafute programu kubwa ya kulipia?

Fundi Mitambo:
Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Kwa RAM ya GB 4 usihangaike na programu kubwa. DaVinci Resolve ina toleo la bure na ni nzuri mno, lakini mashine hiyo haitaibeba. Pakua Shotcut, ambayo ni ya bure na haipachiki nembo juu ya video yako. Ndani yake washa proksi, yaani nakala nyepesi ya kila klipu: unakata kwenye nakala hiyo bila kompyuta kukwama, na wakati wa kutoa video iliyokamilika programu inarudi kwenye faili asilia. Kwa kuanzia unahitaji herufi 2 tu za kibodi. Simamisha video mahali unapotaka, bonyeza S, klipu itagawanyika; kisha chagua kipande usichokitaka, bonyeza X, na kinachofuata kitasogea kuziba pengo. Jizoeze kwa klipu ya dakika 1 ya kuku wa uani kabla hujaigusa harusi.
Jambo moja: faili asilia ziko wapi, na una nakala ngapi?

Mzee wa Kanda:
Vijana mna bahati. Sisi tulihariri harusi kwa deki 2 za VHS, moja ikicheza na nyingine ikirekodi, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kusimamisha usiku kucha. Ukikosea, unarudisha kanda na kuanza upya, na kila nakala ilikuwa hafifu kuliko iliyotangulia, hata rangi nyekundu ya khanga ikawa inavuja hadi nje ya mwili wa mvaaji. Anza kwa kutazama video nzima ukiwa na karatasi na kalamu, uandike dakika na tukio. Mhariri asiyeijua kanda yake hukata asichokusudia.

Mama Wawili:
Pole mwanangu. Hata hivyo nisipokwambia nitakuwa nimekuficha: arobaini ni siku ya kumwombea marehemu, si siku ya kuwasha televisheni. Someni hitma, toeni sadaka, video itasubiri.

Mtoto wa Pangani:
Mama yangu, nimekuelewa na sina ubishi na dini. Hitma itasomwa asubuhi, na video tutaitazama jioni sisi wa nyumbani tu, kwa sababu shangazi anakuja kutoka Muscat na hakuwahi kuhudhuria ile harusi.
Fundi, nashukuru, lakini tayari nimelipa kishika nafasi cha shilingi 150,000 kwa muuzaji wa kompyuta zilizotumika, naye ataniwekea programu kubwa ya kitaalamu bila malipo ya leseni. Naona nikishakuwa na mashine yenye nguvu mambo yote yatakaa sawa.

Fundi Mitambo:
Programu iliyovunjwa leseni mara nyingi huja na virusi, nawe unataka kuikabidhi sauti ya baba yako. Pia hujanijibu. Faili asilia ziko wapi?

Mtoto wa Pangani:
Zipo kwenye kompyuta, kwenye mradi.

Fundi Mitambo:
Huo mradi una ukubwa gani?

Mtoto wa Pangani:
KB 48.
Sikutaka kulieleza hili kwa sababu dada hajui. Wiki 3 zilizopita niliziburuta klipu moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu hadi kwenye programu moja ya kuhariri, nikaziona zikicheza, nikahifadhi mradi, nikaamini kuwa video zimeingia kwenye kompyuta. Kisha nikazifuta kwenye kadi ili nipate nafasi ya picha za msibani. Sasa nikifungua mradi naona weusi na maandishi kwamba faili hazipatikani. Muuzaji ameniambia programu kubwa itaweza kuufungua, ndiyo maana nikalipa.

Fundi Mitambo:
Hakuna programu itakayoufungua. Mradi ni orodha ya maelekezo tu: chukua faili fulani, anzia sekunde hii, ishia ile. Picha na sauti hazimo. Itoe kadi kwenye simu sasa hivi, usipige picha nyingine hata moja.

Mkaguzi:
Samahanini, mimi naona tunatungiwa hadithi. Simu nyingi zikirekodi 4K hutumia takriban MB 350 kwa dakika, hivyo saa 3 ni zaidi ya GB 60. Kadi ilikuwa ya GB ngapi?

Mtoto wa Pangani:
GB 32.

Mkaguzi:
Basi ingejaa ndani ya saa 1 na nusu. Isitoshe, kadi za GB 32 kwa kawaida hutumia mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili inayozidi GB 4, nawe umesema una "video ya saa 3". Tumeshaliliwa sana humu na watu wanaomalizia kwa kuomba michango.

Mama Wawili:
Mtu aliyefiwa haulizwi namna hiyo. Lakini mwanangu, mjibu tu, yaishe.

Mtoto wa Pangani:
Sijaomba senti ya mtu. Aliyerekodi ni binamu yangu, naye ndiye aliyeniambia ni 4K. Nimefungua mipangilio ya simu yake sasa hivi, inaonyesha 1080p, ubora ulio chini ya huo. Na haikuwa faili moja. Zilikuwa 6, zikifuatana, nami nimezoea kuziita video.

Mkaguzi:
1080p ni kama MB 130 kwa dakika, saa 3 zinakuwa GB 23 na ushei, na zikigawanywa kwa GB 4 zinatoka 6. Hesabu imekubali. Niwie radhi, ndugu, na pole kwa kufiwa na mzazi.

Fundi Mitambo:
Tumia PhotoRec, programu ya bure ya kurejesha faili zilizofutwa. Iambie isome kadi na iandike itakachokipata kwenye diski ya kompyuta, kamwe si kwenye kadi yenyewe. Majina ya faili yatakuwa yamepotea, usishtuke.

Mtoto wa Pangani:
Wakuu, ni siku ya 3. Nimepata 5 kati ya 6. Iliyopotea ni ya watu wakila pilau, nadhani picha za msibani ziliandikwa juu yake. Nasaha ziko mwishoni mwa faili ya 4 na mwanzoni mwa ya 5. Nimeweka nakala moja kwenye diski ya nje na nyingine kwa dada, ambaye nimemweleza yote. Muuzaji amekataa kurudisha kishika nafasi. Shotcut inakwenda vizuri kwa proksi.
Nina swali moja. Katikati ya nasaha baba ananyamaza, anapapasa mfuko wa kanzu, anageuka kumuuliza mama, "Miwani yangu umeiweka wapi?" Mama anaichukua kutoka juu ya kofia yake na kumvisha. Zinapita sekunde 40 bila nasaha yoyote. Nimeshaweka mkato mwanzoni na mwishoni mwa kipande hicho. Nikitoe?

Mzee wa Kanda:
Mama yako amekiona?

Mtoto wa Pangani:
Jana usiku. Aliniambia nirudishe nyuma mara 4.

Fundi Mitambo:
Basi X usiiguse.