Dhahabu nyekundu ya karati 18 inapasuka kwenye rola, nakosea wapi?

mfua_pete:
Wakuu, habari za kazi. Nimeyeyusha gramu 10 za dhahabu safi na gramu 3.33 za shaba ya nyaya za umeme, nipate karati 18 nyekundu. Imemiminika vizuri, nikaiacha ipoe ndani ya kalibu. Kuipitisha kwenye rola (mashine ya kubana bamba liwe jembamba) mara mbili tu, kingo zikaanza kupasuka. Nikaipasha moto ilainike, nikaiacha ipoe taratibu, ikatoka ngumu kuliko mwanzo! Karati 18 ya njano naifanyia hivyohivyo na haisumbui.

Kalibu_Moto:
Mkuu, jibu umelitaja mwenyewe: "ipoe taratibu". Hesabu yako ni sahihi: karati 18 ni robo tatu dhahabu, 10 ÷ 0.75 = 13.33. Ila atomu ya dhahabu ina uzito wa takriban mara tatu ya atomu ya shaba, kwa hiyo robo tatu kwa robo kwenye mizani ni karibu nusu kwa nusu ukihesabu atomu. Katika uwiano huo, joto likishuka chini ya nyuzi 410 hivi, atomu hujipanga tabaka la dhahabu, tabaka la shaba, na kipande kinakuwa kigumu kinachokatika. Kupoa polepole ndiko kunakozipa muda wa kujipanga. Ya njano ina fedha nyingi, ndiyo maana inakuvumilia.

Ukimimina, subiri kipande kigande, kitoe kikiwa bado na wekundu hafifu, tumbukiza majini. Usikizamishe kikiwa kinang'aa sana, kitapinda au kupasuka kwa mshtuko. Kulainisha ni hivyohivyo: nyuzi 650 (wekundu mzito, tazama ukiwa kivulini), dakika chache, kisha majini. Na usilainishe kila baada ya kupitisha mara moja. Punguza unene hadi nusu kwanza, la sivyo chembe za ndani ya metali zinakua na uso unakuwa kama ganda la chungwa.

shaba_safi:
Naongezea, maana kupasuka mapema hivyo kunaweza kuwa na sababu mbili kwa pamoja. Nyaya nyingine zimepakwa bati au vanishi. Kwangua hadi shaba tupu ionekane. Kama uliweka na vipande vya pete kuukuu zenye lehemu ya risasi, hapo hata maji hayatakusaidia: sehemu 1 ya risasi katika 1,000 inatosha kuharibu kazi yote. Yeyusha kwa boraksi (unga wa kusafisha metali inapoyeyuka), koroga kwa kijiti cha grafiti, moto wa gesi usiwe na oksijeni nyingi kwa sababu shaba inaungua haraka.

Nyufa zilizokwisha kuingia hazizibwi kwa kulainisha. Kata kingo, au yeyusha upya.

mfua_pete:
Asanteni. Sikuweka chakavu chochote. Je, nikipunguza shaba, wekundu utapotea?

Kalibu_Moto:
Haupotei. Kwa dhahabu yako gramu 10, weka shaba 2.73 na fedha 0.60. Hiyo ni 750/205/45 (dhahabu, shaba na fedha katika kila sehemu 1,000), bado nyekundu nzuri na inafulika kirahisi zaidi, ingawa maji ni lazima palepale. Ukitaka waridi laini, shaba 2.13 na fedha 1.20. Shaba na fedha nusu kwa nusu inakupa njano, na fedha tupu bila shaba inakupa dhahabu yenye ukijani, laini mno kwa pete ya kila siku. Zote ni karati 18, mteja asidhani nyekundu ina dhahabu pungufu.

shaba_safi:
Weusi baada ya moto uondoe kwa asidi ya betri mpya ya dukani (ya betri iliyotumika ina risasi), kipimo 1 ndani ya maji vipimo 3, asidi ndiyo imiminwe kwenye maji. Usitie koleo la chuma humo, pete itavaa ngozi ya shaba.

mfua_pete:
Na nikishachomelea lehemu pete yenye jiwe?

Kalibu_Moto:
Chomelea kwanza, izamishe majini lehemu ikishaganda, jiwe lipachikwe mwisho.